Nazi Tupu kutoka Tongoni

Alhamisi, tarehe 10 Machi 1955, saa moja asubuhi, Sabiha wa Barabara ya Kumi, Ngamiani, alimpa mwanawe kitumbua alichokikaanga mwenyewe. Kabla hakijaisha, midomo ya mtoto ilivimba na pumzi zikaanza kumkatika. Alikimbizwa hospitali, na ilipofika adhuhuri Mungu akamrudishia pumzi. Sabiha aliijua dalili ile. Mwanawe akila karanga huvimba, ndiyo maana hakununua mafuta ila ya Bi Mwanasiti wa Tongoni, yenye karatasi iliyoandikwa “Nazi tupu.”

Mafuta yale, jamani! Sisi tuliokulia Ngamiani tunayatamani mpaka leo. Ukipita uchochoroni asubuhi, pua ilikwambia nani anayapikia. Bi Mwanasiti aliandika karatasi zake kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa wateja wake walikuwa akina mama waliosoma chuoni, chuo cha Kurani, na mama wa enzi hizo hakununua asichokisoma. Alasiri ya Alhamisi ile akina mama hao hao waliyamwaga mafuta yake sokoni, yeye akiwatazama.

Bwana Afya aliyepewa kesi alikuwa Timotheo, Msambaa wa Lushoto. Aliambiwa aamue kabla ya Jumamosi kama bibi huyo anyang'anywe leseni. Ijumaa saa mbili alikuwa Tongoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifungia?”

Akamweleza kwamba hapana, bado. Alitaka kujua nani hugusa chupa. Bibi akajibu kwamba hupika mwenyewe, hujaza, huziba kwa gunzi na kubandika karatasi. Manase, dereva wa lori, huzipeleka dukani kwa Uweso, pamoja na karatasi chache za akiba, maana nyingine hubanduka njiani.

Timotheo alichukua chupa moja hapo na mbili dukani kwa Uweso, akazifukia kwenye barafu ya wauza samaki. Baada ya saa moja, ya Tongoni iliganda ikawa nyeupe na ngumu. Za Uweso zilibaki uji uji. Nazi ilikuwemo, lakini haikuwa peke yake.

Na nyuma ya kaunta ya Uweso kulikuwa na pipa la mafuta ya karanga.

Uweso alihojiwa mpaka jasho likamtoka. Akasema pipa lile halifichi. Huuza waziwazi kwa wenye magenge, kwa madereva, kwa yeyote mwenye chombo. Timotheo hakumwamini. Saa nane alikuwa ameshashika kalamu aandike jina lake, Sabiha akaingia ofisini kwake kuuliza habari, akaziona chupa mezani.

“Hizi karatasi kazibandika nani?”

“Uweso, nadhani. Kwani vipi?”

“Ziko kichwa chini, Bwana Afya. Uweso kasomesha chuo miaka kumi. Hawezi.”

Timotheo aliona haya. Chupa zilikuwa zikimtazama tangu asubuhi, na yeye, mtoto wa shule ya misheni, hakujua juu wala chini ya maandishi yale. Basi mtu anayetafutwa alikuwa kama yeye: ameshika karatasi asizoweza kuzisoma.

Saa kumi yeye na Sabiha walimkuta Manase kwenye lori lake. Timotheo akampa karatasi tatu na chupa tupu, akamwomba abandike. Mbili alizibandika kichwa chini. Sabiha akamwonyesha kwa kidole, na Manase akaketi kwenye ngazi ya lori.

“Lori liliingia shimoni, nusu ya chupa zikavunjika,” alisema. “Niliogopa kufukuzwa kazi. Yaliyobaki nikayagawa kwenye chupa tupu nyingine, nikajazia mafuta ya karanga ya Uweso, nikabandika karatasi za akiba. Mafuta ni mafuta, dada. Sikujua yanaweza kuua.”

“Ungesema tu kwamba yana karanga,” Sabiha akamjibu, “nisingenunua. Ni hilo tu.”

Jumamosi asubuhi Manase alisimamishwa sokoni akayarudia maneno hayo. Akina mama walisikiliza, wakaguna, lakini hakuna aliyezisogelea chupa alizozileta Bi Mwanasiti mwenyewe kutoka Tongoni. Kusadiki ni jambo moja, kumlisha mwanao ni jingine.

Ndipo Sabiha akanunua chupa, akaazima jiko na kikaango, akakaanga ndizi papo hapo. Akampa mwanawe. Mimi nilikuwepo, na sijapata kuona watu wazima wakimtazama mtoto akitafuna namna ile. Akala, akalamba vidole, akaomba nyingine.

Bi Mwanasiti akaketi chini katikati ya chupa zake, akalia kwa sauti.