Hodi ya Emerensiana

Bernadi alipiga hodi mara tatu, na shangazi yake Notburga hakuitikia. Alimsikia humo ndani akikohoa, akisogeza kigoda. Mwishowe mlango wa nyuma ukalia, bibi kizee akazunguka ukuta, akamtazama miguu kwanza, kisha uso.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Kumbe ni wewe. Pitia nyuma.”

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia Mbinga, na chama cha ushirika alichokitumikia Bernadi kama karani wa ghala kikafa. Nyumba za watumishi zikauzwa. Akateremka Mbaha kwa shangazi na godoro lake, maana nyumba ile ya ufukweni mwa ziwa aliijenga marehemu baba yake, ingawa yeye alilelewa na mjomba huko Kitura tangu ana miaka minne, mama yake alipofariki.

Siku ya pili, mchana, wakila ugali na usipa, dagaa wa ziwani, sauti ya upole ikasema nje, “Hodi.”

Bernadi alipofungua kinywa, Notburga akamziba kwa kiganja chenye ugali.

“Usiitikie!”

“Kwani ni nani?”

“Kula.”

Chini ya mlango ikaingia harufu ya blanketi lililolowa, na nje jua lilikuwa la kuchoma mchanga.

Sauti ilirudi kila mchana. Siku ya nne ikasema, “Hodi, Beni.”

Tonge likamdondoka. “Shangazi, jina hilo aliniita mtu mmoja tu.”

Notburga akanong’ona, macho mlangoni. “Kaka yangu alipokufa, nilimfukuza mama yako. Nyumba ya ukoo, nikasema, arudi kwao. Akakuacha kwa mjomba wako, akarudi masika, ana homa, kuomba chumba kimoja cha kulala na wewe. Emerensiana alipiga hodi hapo barazani siku tatu. Nikajifungia. Siku ya tatu nikatoka kumtimua, nikamkuta maiti. Waliokuja kumwosha walisema amekufa tangu siku ya kwanza.”

“Na hizo siku mbili, nani alikuwa anapiga hodi?”

“Mganga alisema ni jini la ziwani, limevaa sauti yake. Lisikaribishwe tu, basi.”

Bernadi hakulala vizuri. Siyo kwa hofu. Alikuwa anamwona mama yake kwenye mvua, hatua mbili kutoka kwenye moto.

Kesho yake hodi ilipokuja, Notburga alimshika shati. “Nakusihi, mwanangu. Yule si mama yako tena.”

“Ulikuwa na vyumba vinne,” Bernadi akasema. Kisha akageukia mlango. “Karibu, mama.”

Mlango ukafunguka, baridi ikampita begani, nyayo za maji zikatokea sakafuni moja baada ya nyingine hadi miguuni kwa Notburga, na bibi kizee akavutwa kwa khanga yake, visigino vikiburuzika, vidole vikikwaruza kizingiti, mpaka akawa nje na mlango ukajifunga, na ule wa nyuma pia.

“Hodi, Bernadi! Nifungulie, baba! Hodi!”

Mwanzoni alimwacha alie, na moyo wake ukaburudika. Lakini kilio kilipoanza kukatika, huruma ikamshika, akataka kuitikia, na hapo mkono wa baridi, uliolowa, wenye ngozi laini kama ya kitu kilichokaa sana majini, ukamfunika mdomo kutoka nyuma, ukambana kwa upendo, ukambana saa baada ya saa, huku nje hodi ikipungua, ikawa mnong’ono, ikawa pumzi, ikawa kimya.

Jioni mkono ulipomwachia, alimkuta Notburga amelala barazani, mfu, nguo zake zikichuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Walimzika kwa misa. Siku ya tatu Bernadi akakunja godoro, arudi Mbinga akalale hata kwenye veranda ya duka. Alikuwa ameshafika mlango wa nyuma pale sauti ya mwanamke iliposema sikioni mwake, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto:

“Unakwenda wapi, Beni? Tumefika nyumbani.”

Na mbele ya macho yake komeo likasogea, taratibu, likajifunga.