Bakuli Halirudi Tupu

Kuna mambo humfika mtu kwa ubaya wake, hayo tunayajua na wala hatuyaonei huruma. Kanze yalimfika kwa adabu. Adabu tupu, ile tunayofunzwa kabla hatujaota meno.

Jioni hiyo alikuwa ametoka kununua viazi vya karai. Kutoka nyumbani kwake Kibokoni hadi kwa muuzaji ni kukata vichochoro viwili tu, na juu ghorofani alikuwa amemwacha bintiye Kadzo, wa miaka saba, akifanya kazi ya shule. Jua la Januari lilikuwa limewachoma watu tangu asubuhi, na hata adhana ya magharibi ilipolia kuta zilikuwa bado zatoa moto. Kanze akaingia mlango wa nje, akapanda ngazi, mkono mmoja viazi, mkono mmoja leso ya kujipangusia jasho.

Kwenye kidato cha nne mguu wake ukagonga kitu.

Ng'aaa... Bati.

Akainama. Lilikuwa bakuli la samawati, limebanduka rangi ukingoni, na chini yake limekwaruzwa herufi K kwa msumari. Bakuli lake mwenyewe. Alilirithi kwa nyanyake wa Rabai, na hakuna safari aliyokwenda bila ya kulitia mkobani.

Tatizo ni kwamba bakuli hilo hakuliacha Rabai, wala hakuliacha Mombasa. Aliliacha Peru, juu ya mlima, wiki saba zilizopita.

Akaligusa. Likamng'ata vidole kwa baridi. Lilikuwa limeota barafu ukingoni, katika joto lile! Likanuka udongo mbichi na majani yaliyochomwa. Ndani mlikuwa na mahindi ya kuchemsha, punje nyeupe, pana, kila moja kubwa kama gego la mtu mzima. Mahindi ya namna hiyo sokoni Marikiti hayauzwi.

"Mama?" Kadzo akaita kutoka juu. "Yule mtu amekuja tena?"

Tena!

Hapa yabidi turudi nyuma kidogo. Kanze ni mwongoza wageni wa Mji wa Kale, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili, na babake Kadzo ni mtu wa melini, miezi tisa hayupo. Mwaka jana waongoza wageni wa miji ya kale kutoka nchi mbalimbali walialikwa Peru, watembee siku nne milimani hadi kwenye magofu ya Wainka, waone wenzao wa huko wafanyavyo kazi. Kanze akachaguliwa. Majirani wakamcheka: wewe ukipanda ngazi hizi tu wahema, milima utaiweza? Akaiweza. Kwa kuhema, lakini akaiweza.

Siku ya pili pumzi ilimkatika akadhani atazikwa huko huko. Siku ya tatu wakapiga kambi kando ya kuta za zamani, mawe makubwa yaliyoshikana bila chokaa, hata kisu hakipenyi. Kanze, aliyezoea kuta zetu za matumbawe na chokaa zinazobomoka kila masika, alizipapasa kwa wivu. Kiongozi wao alikuwa Hilario, mtu mfupi asiyecheka ovyo. Akawaonya wote mapema: "Jua likizama, atakayepita pale ukutani mwacheni apite. Msimwite."

Likazama. Wenzake walikuwa wamelala hemani, vichwa vyawauma kwa sababu ya ule urefu wa mlima. Kanze akaketi nje peke yake na bakuli lake la maharagwe. Ukutani akapita mtu.

Sasa niambie wewe. Umeketi wala chakula, mtu apita mbele yako. Mdomo wako wafanyaje?

"Karibu," Kanze akasema.

Neno lilimtoka kabla akili haijafika. Yule mtu akasimama. Alivaa joho zito jekundu, kofia imemfunika uso, na miguu yake ilikuwa mitupu juu ya barafu. Akaja, akaketi. Kanze akamsogezea bakuli, kwani ukishamkaribisha mtu huwezi tena kujitia hukusema. Akala kimya... bila kutafuna. Aliposimama kwenda zake, bakuli lingali mkononi mwake, Kanze alikuwa na hofu, na kwa ile hofu akasema analowaambia wageni wote wakiagana naye.

"Karibu na kwetu Mombasa."

Asubuhi Hilario alimwona hana bakuli. Hakuuliza limekwenda wapi.

"Yule akipewa, hurudisha," akamnong'oneza. "Akileta, usipokee. Na ukipokea, usimpe tena kitu, hata punje. Ukimpa, hamtaachana."

"Mpaka lini?"

Hilario akainama kufunga mzigo wake, na Kanze akajiambia kwamba hizo ni hadithi za kuwapa wageni. Si yeye mwenyewe huwatungia wake kila siku?

Basi jioni hiyo ya viazi, Kanze alipanda vidato vilivyobaki akiwa amelishika bakuli kwa leso. Akafunga mlango kwa komeo. Akamketisha Kadzo mkekani.

"Mtu gani huyo, mwanangu?"

"Wa bakuli. Jana ulipokwenda dukani alileta mahindi. Nikala, matamu, lakini baridi! Nikamrudishia bakuli lake."

"Ulimrudishia tupu?" Kanze akauliza, na moyoni aliomba Mungu mtoto aseme ndiyo.

Kadzo akamtazama kama aliyetukanwa. "Mama! Bakuli halirudi tupu. Si wewe wanambia, jirani akikuletea kitu humrudishii chombo kitupu?"

"Ulitia nini?"

Mtoto akatabasamu. Mbele, juu, mlikuwa na pengo. Jino lililong'oka juzi, ambalo walikuwa wamelifunga kwenye karatasi wakalirushe juu ya paa kwa nyanya.

"Sikuwa na kingine. Viazi ulikuwa hujaleta."

Kanze akamshika mashavu. Aliogopa vile ambavyo hajawahi kuogopa, si mlimani, si siku ya kujifungua.

"Akasema nini alipolipokea?"

"Hajui kusema, masikini. Ajua neno moja tu. Asema karibu."

Mtu akija mlangoni kwako hupiga hodi. Karibu ni neno la mwenye nyumba. Sasa anayesimama nje akakwambia karibu, akukaribisha wapi?

Kanze hakulala. Alimkumbatia mwanawe hadi asubuhi akimgusa ufizi kila saa kana kwamba meno mengine nayo yatakimbia. Kulipokucha akayamwaga yale mahindi baharini, akaliosha bakuli, na kabla ya magharibi akaliweka kwenye kidato cha nne. Tupu. Ilimuuma jamani. Kurudisha chombo kitupu kwetu ni kumtemea mtu mate, na ndivyo alivyotaka iwe: mgeni atukanike, anune, akate urafiki, asirudi tena kwa mtoto wake. Akaingia ndani, akapiga komeo, akakaa kimya na Kadzo mapajani.

Adhana ikalia, ikakoma. Ngazini pakasikika nyayo. Mitupu. Taratibu...

Bati likalia kidogo. Baridi ikapita chini ya mlango ikamgusa vidole vya miguu. Kisha nyayo zikashuka.

Asubuhi bakuli halikuwapo. Kanze alipiga magoti pale pale ngazini, akashukuru. Siku hiyo aliwazungusha wageni wake vichochoroni akiimba, hata mmoja akamwuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Jua likikaribia kuzama akapita chumba cha chini kumchukua Kadzo. Hapo ndipo anapokaa Bi Thureya, mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na kitu ambaye humlea Kadzo baada ya shule. Mjini hakuna asiyemjua kwa ule ukarimu wake na lile jino lake la dhahabu, ambalo humetameta kila achekapo, naye hacheki haba.

"Kanze, mwanangu, leo nna ugomvi nawe," Bi Thureya akasema, huku acheka. "Jana wataka kuniaibisha? Nimepita ngazini naona bakuli la watu limewekwa lirudishwe, ndani hata chumvi hamna! Nyumba yangu mimi! Haya nikatia vitumbua vitano, nikafunika na kawa."

Kanze akashika ukuta.

"Akaja mgeni wako akalichukua," bibi akaendelea. "Mtu mpole, kavaa joho hilo, sijui haoni joto? Kanambia karibu. Na mimi nikamjibu starehe, baba. Mbona wanitolea macho?"

Nje adhana ya magharibi ikaanza.

Kanze alitaka kumwambia. Neno lilikuwa limefika kooni. Lakini umwambie nini bibi kama yule? Usijibu salamu? Nimekuletea shetani kutoka Peru? Akaona haya, akaona na muda hautoshi, akajisemea ataeleza baadaye akishamfungia mtoto. Akamkamata Kadzo mkono, akapanda naye mbio, akapiga komeo.

Wakaketi sakafuni, nyuma ya kabati. Kanze akamziba Kadzo mdomo kwa kiganja.

"Leo usijibu mtu," akamnong'oneza. "Hata akikuita nani. Hata nikikuita mimi."

Nyayo.

Kidato cha kwanza... cha pili... zikafika mlangoni. Harufu ya majani yaliyochomwa ikajaa chumba. Kioo cha kabati kikaota ukungu.

"Karibu," ikasema sauti nje. Nzito, ngeni, kama ya mtu anayejifunza.

Kanze akabana pumzi. Kwetu mtu huita mara tatu, asipojibiwa huenda zake. Akaishika hiyo tatu kama mtu anayezama anavyoshika kamba.

"Karibu."

Safari hii ilikuwa sauti yake Kanze mwenyewe, vile vile alivyolisema mlimani, hata ule uchovu. Kadzo akatikisika mikononi mwake. Machozi ya mtoto yakamlowesha vidole.

Ukungu ukatanda kioo chote.

"Karibu, mama."

Sauti ya Kadzo. Na lile pengo la jino likisikika, pumzi ikipita mbele. Kadzo mwenyewe alikuwa kifuani pake, mdomo umezibwa, macho yamemtoka.

Kanze hakujibu. Akauma leso hadi taya zikamuuma.

Nyayo zikageuka. Zikashuka polepole, moja moja, hadi chini. Kanze akaanza kulia kwa furaha. Ndipo akasikia, chini kabisa, mlangoni kwa Bi Thureya:

"Karibu."

Akajua la kufanya. Ni kupiga kelele tu: Bi Thureya, usijibu! Maneno matatu, na bibi ana masikio mazuri. Lakini yule angesikia kwamba juu kuna mtu, na kwamba huyo mtu amejibu. Akamtazama Kadzo. Mkono wake haukutoka kwenye mdomo wa mtoto, na mdomo wake mwenyewe haukufunguka.

"Starehe, baba!" Bi Thureya akaitikia kwa uchangamfu. "Ngoja nivae viatu."

Mlango ukalia. Nyayo za watu wawili zikatoka nje.

Alfajiri walimkuta bibi ameketi kwenye kidato cha nne, mgongo ukutani, viatu amevishika mkononi. Alikuwa amekufa. Daktari akaandika moyo. Lakini waliomuosha walinong'onezana, na minong'ono ya Kibokoni haina mipaka: walipasha maji mara tatu na mwili haukupata joto, na katikati ya vidole vya miguu mlikuwa na tope jekundu ambalo hapa kisiwani hatuna.

Siku ya hitima, wanawake walikuwa wamezunguka masinia ya pilau uani. Kanze akapita amemshika Kadzo mkono. "Karibu, Kanze! Karibuni!" wakaita wote kwa pamoja. Akapita macho chini, hakufungua kinywa, na mtoto naye hivyo hivyo. Nyuma yao akasikia mmoja asema, tazameni, bibi wa watu aliyemlea mtoto, hata neno! Kiburi cha kupanda ndege hicho. Kanze akayameza. Angewaambia nini, kwamba aliusikia ule mlango ukifunguliwa akanyamaza?

Alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Kesho yake wangekwenda Rabai, wasirudi.

Akaingia mlango wa nje, akapanda. Cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Kwenye kidato cha nne palikuwa na bakuli la samawati, limeoshwa likang'aa, ukingoni limeota barafu. Ndani mlikuwa na meno mawili. Moja dogo, jeupe, la mtoto. La pili lilikuwa la dhahabu.

Kanze akamvuta mwanawe nyuma, lakini Kadzo alikwisha chungulia. Hakulia wala hakushtuka. Alilitazama bakuli kwa ule utulivu wa mtoto aliyelelewa vyema na mamake, akanyoosha mkono kulichukua.

"Mama," akanong'ona, "sasa ni zamu yetu."