Majani ya Tangi la Mama Mkwe

Giza lilikuwa linaingia fundi cherehani alipofungua mlango wa nyumba ya mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa amelazwa hospitali, amepasuliwa goti, na kazi aliyomwachia mkamwana wake ilikuwa ndogo tu: alishe samaki.

"Chakula kidogo, funga mlango, ondoka," alimwambia. "Majani yangu usiyapunguze."

Tangi la kioo lilikuwa limekula nusu ya ukuta wa sebule. Juu ya maji yalielea majani mabichi, mazito, yamebanana kama mkeka, na mizizi ikining'inia chini kama nyuzi za pindo lililofumuka. Mama mkwe aliyalea kama mboni ya jicho. Pampu aliizungushia kitambaa ili maji yasiyarukie yakaoza. Taa haikuzimwa, usiku wala mchana.

Watu walisema alianza kuyapanda baada ya msiba. Mwanawe, ambaye sasa ni mume wa fundi cherehani, alizaliwa pacha. Mwenzake alizama kisimani wangali wadogo. Ndani ya nyumba ile, habari hiyo haikuguswa.

Fundi cherehani akainama juu ya tangi. Samaki wote walikuwa juu, midomo yao ikipapasa katikati ya majani, wakitafuta hewa.

Huruma ikamshinda. Akakunja mkono wa gauni, akazoa konzi moja ya majani. Kisha ya pili. Pakabaki uwazi kama sahani.

Samaki hawakuukimbilia. Walijibana kwenye kona, wote, wakatulia.

Pampu ikanyamaza.

Kisha ikaja harufu... tope bichi, kama kisima kinachofukuliwa. Kwenye uwazi likapanda povu moja. Likapasuka. Likapanda jingine.

Halafu mtu akavuta pumzi.

Pumzi ndefu, ya mtu aliyeibana miaka.

"Siku hizi nyumbani ni wapi?" ilinong'ona sauti ya mtoto.

Fundi cherehani hakujibu. Lakini aliwaza. Aliwaza mlango wao wa bluu, nyuma ya duka la dawa, na mumewe ndani akichemsha chai.

"Asante," sauti ilisema.

Akayarudisha majani kwa pupa. Yakasogea pembeni yenyewe. Uwazi haukuzibika. Akatoka mbio, simu sikioni, majani madogo yamemganda mkono mzima.

"Mama... nimeyapunguza."

"Amekuuliza kitu?" aliuliza mama mkwe.

"Nyumbani ni wapi."

"Umemjibu?"

"Sikufungua mdomo, mama."

"Hahitaji mdomo wako, mwanangu," alisema mama mkwe. "Miaka yote hii ananiambia kitu kimoja. Kwamba mwenzake ameishi vya kutosha. Kwamba sasa ni zamu yake. Mume wako yuko na nani?"

"Peke yake."

"Kimbia."

Alikimbia viatu mkononi. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Taa zinawaka. Mumewe alikuwa ameketi mezani, mkavu, mzima, hana hata tone la maji mwilini. Chai ilikuwa imefurika jikoni na kuzima moto, naye hakushughulika nayo. Alikuwa akiigeuza mikono yake, huku na huku, kama mtu anayejaribu nguo mpya.

Fundi cherehani akashusha pumzi. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Mama amepiga simu," mumewe alisema. "Analia. Nimemwambia asilie, nimerudi."

"Umerudi kutoka wapi? Leo hukutoka."

Akainua macho. Uso ulikuwa ule ule, na kovu lake dogo kidevuni. Akamtazama kwa adabu, kama mwenyeji anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Samahani, dada," alisema taratibu. "Wewe ni nani wetu?"