Mtandio Uliolowa Pangoni

Haya nilisimuliwa na Mwanamvita, jirani yangu wa Kaloleni hapa Voi, mwaka wa tisini na nane, barabara ya Mombasa ikiwa bado ina makorongo ya ile mvua kubwa. Alikuwa akichagua mchele, na kila alipofika pahali pagumu aliweka ungo chini. Na mimi nilimngoja.

Aliya alikuwa binti wa marehemu kaka yake. Alimlea mwenyewe, na duka la vitambaa wakiliendesha pamoja. Jumamosi moja sokoni, jua limeanza kuchoma, Aliya alikuwa akipita na robota la leso kichwani, buibui linang'aa, wanja umemkaa machoni. Akamwona kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, ameshika kibao kilichochorwa fuvu la mtu.

"Kaka, hiyo sumu ya panya pakiti shilingi ngapi?"

Kijana akakitazama kibao chake. "Hii si sumu, dada. Hawa ni babu zangu."

"Subhanallah! Unauza babu zako?"

"Siwauzi, nawapelekea wageni. Twende Ronge ukawaone, hawaumi."

"Na wewe je, huumi?"

"Mimi nauma kidogo tu."

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Kijana huyo ni Titus. Siku za kazi alikata tikiti pale stesheni ya gari moshi. Jumamosi alipandisha wageni milimani Ronge kuona kanisa la mawe la wamishenari, kisha pango ambamo zamani ukoo wake ulipanga mafuvu ya wazee.

Tangu siku ile simu ya duka haikupoa.

"Haloo, hapo ni kwa Mwanamvita?"

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye sumu."

"Sumu imenipata, Tito. Chakula hakipiti."

"Pole, laazizi. Dawa ninayo."

"Weka simu, shangazi huyo anakuja!"

Kikwazo kilikuwa mama yake Titus, Wakesho, mjane, mwimbaji wa kanisa. Aliposikia mwanawe ataka kusilimu aoe, alimnunia miezi. Chakula alimpakulia, lakini hakula naye.

"Huyo Mswahili wako atanichukulia mtoto," alisema. "Siku nikifa, nani ataniimbia kaburini?"

Mwanamvita naye alimwambia Aliya, "Mimi sina neno na kijana. Ila usiolewe pahali mama mkwe amefunga kifua. Nenda mkaonane. Akikupokea, nitawaita wazee."

Basi Aliya akaenda na wageni, kama mgeni. Alivaa mtandio wa hariri wa rangi ya zambarau, ule wa Idi. Kanisani alisimama mlangoni akatazama vioo vya rangi, jua limemwaga wekundu na ubuluu juu ya viti vitupu. Kisha wakashuka msituni. Chini ya mwamba mkubwa kulikuwa na baridi ya mtungi, na mafuvu yamepangwa safu kwa safu, yametazama nje kama watu wanaongoja kuamkiwa. Aliya akayaamkia kimoyomoyo, maana ni wakwe.

Titus alikuwa ndani akimweleza mama mmoja mwenye kamera. Mlangoni mwa pango Wakesho, aliyeambiwa na mwanawe kuwa binti anakuja, akatokea ameshika kibuyu cha maji ya miwa. Aliya akainama, "Shikamoo, mama."

Wakesho hakuitika. Alipiga funda, akamtazama sana, kisha puu! akamnyunyizia lile funda kifuani. Akasema maneno kwa Kidawida, lugha yao Wataita, akanyunyiza tena. Hariri ikalowa ikashika mwili. Wageni wakaguna.

Titus akatoka mbio. Akauona mtandio umelowa, akamwona mama yake na kibuyu. Akacheka. Alicheka kwa sauti, mikono kichwani.

Aliya alishuka mlima peke yake.

Nyumbani alisema neno moja tu. "Nimetemewa mate, shangazi. Na yeye akacheka." Mwanamvita akaufua mtandio ule mara tatu, akaukunja, wala hakuuliza zaidi.

Simu ikalia. "Aliya, mpenzi, ngoja nikueleze—"

"Hapa ni duka la nguo. Sumu ya panya hatuuzi."

Akaiweka chini. Titus akaja mwenyewe, lakini Zubair, kaka yake Aliya, akasimama mlangoni. "Rudi kwenu. Mmetuchezea vya kutosha." Kisha mvua ile ikashuka. Nguzo za simu zikalala, njia ya Ronge ikakatika, na Wakesho akashikwa na kifua. Katikati ya hayo ikaja posa ya Fawaz, mwenye duka la redio Mombasa, mtu mtulivu. Aliya akasema ndiyo upesi, kama mtu anayefunga dirisha. Wakaoana Shaaban.

Mwezi wa Ramadhani Aliya alikuja kutoka Mombasa kumsaidia shangazi dukani. Akaingia mteja, Jedidah, mama wa Kitaita, mtoto mgongoni.

"Huyu mwanangu alikuwa na homa haiishi," Jedidah alisema, akipapasa kitambaa. "Kumbe babu yake ana kinyongo na mimi. Juzi akakubali kumtasa. Leo mwone anavyoruka."

"Kumtasa ndiyo kumfanyaje?" Aliya aliuliza.

"Si unatia maji mdomoni, ama ya miwa, unamnyunyizia mtu kifuani? Ile hasira yote unaitema, imekwisha, na unamwombea mema. Kwetu hakuna baraka kubwa kushinda hiyo."

Mkasi ukamponyoka Aliya.

Kesho yake walipanda Ronge, yeye na shangazi, njia nzima matope. Walimkuta Titus amekaa kando ya kitanda cha mama yake. Aliitazama hina ya miguuni mwa Aliya.

"Hongera," alisema.

"Tito, mbona ulicheka siku ile?"

"Nilifurahi. Nilidhani nimeshapata mke."

Mwanamvita aliniambia hapo yeye alitoka nje kidogo, kutazama migomba.

Aliporudi, Wakesho alikuwa amefumbua macho. Pumzi ilikuwa fupi. "Binti," alisema, "nilikupa moyo wangu wote, ukaenda. Umekuja na kinyongo?"

"Nimekuja nacho, mama."

"Basi kitoe."

Aliya alikuwa amefunga. Aliomba maji matupu, akatia mdomoni kama mtu anayesukutua, tone lisipite kooni. Akainama. Alimnyunyizia bikizee kifuani taratibu, machozi yake yakitangulia maji. "Nimekutolea hasira yangu," akasema. "Mungu akupe usingizi mzuri."

Wakesho akaushika mkono wenye hina. "Mkwe wangu," alisema, na hakuna aliyemsahihisha. Punde akapitiwa na usingizi.

Titus aliwasindikiza hadi barabarani.

"Kibao kiko wapi?" Aliya aliuliza.

"Nilikichoma. Kuni zilikuwa zimelowa."

"Usinipigie simu tena, Tito."

"Najua. Duka la nguo haliuzi sumu ya panya."

Aliya alitaka kucheka, hakuweza. Titus akarudi, akajilaza kwenye benchi kando ya mama yake, na viatu vya matope miguuni, akasinzia hivyo hivyo.

Kaloleni, baada ya kufuturu, Aliya alifungua sanduku akautoa ule mtandio wa zambarau, akajifunika nao. Kesho Fawaz angekuja kumchukua. Mwanamvita alilala upande wa pili wa kitanda, akamsikiliza akilia bila sauti, hata pumzi ikarefuka, ikatulia. Ndipo na yeye akageukia ukuta, akalala.