Mvike Kabla Hujafunga

Kilichoanza ni harufu. Vitabu vya zamani hunuka vumbi na gundi, lakini kile cha asubuhi ile kilinuka kama bucha.

"Shemeji, umekifanya nini kitabu hiki?" Fundi wa vitabu aliuliza, ameziba pua.

Shemeji, mume wa mdogo wake, alikuwa mkuu wa maktaba ya chuo cha udaktari. Mjuaji wa kila kitu, na hata bahasha hawezi kuibandika ikanyooka.

"Nimekipiga picha. Ile ngozi ilinisumbua, nikaikata. Nimeitupa."

Fundi alishika meza. Ndani mlikuwa na mchoro wa mwanamume mzima, wa karne zilizopita, uliotengenezwa kwa karatasi tabaka juu ya tabaka. Ukifunua ngozi unaona misuli, ukifunua misuli unaona matumbo. Mzee aliyemfundisha kazi alimpa sharti moja: ukimaliza, rudisha tabaka zote, ngozi iwe ya mwisho. Mvike kabla hujafunga. Yule alikuwa maiti asiye na ndugu, akachunwa na kuchorwa bila mtu kumwombea radhi, naye hakubali kuachwa uchi.

"Nenda kaitafute jalalani," Fundi alinong'ona. "Tafadhali."

"Wee! Msomi mzima nimwogope mtu wa karatasi?" Akacheka kile kicheko chake cha puani. Kisha akajikuna bega.

Takataka zilikuwa zimeshachomwa. Fundi akakata ngozi nyingine kwa karatasi mpya, akaibandika, ikabanduka; akaibandika tena, na kila alipoinama ile harufu ilimpanda kichwani, na chini ya vidole vyake misuli ya karatasi ilikuwa na unyevunyevu, ikitetemeka kidogo, kama mtu anayesikia baridi na hana wa kumwambia.

Alasiri simu ikalia. Mdogo wake alikuwa akilia kwa kwikwi.

"Dada, baba watoto karudi mapema. Kavua nguo zote. Hataki hata shuka limguse, anasema linamchubua."

Mpumbavu yule, Fundi aliwaza. Lakini mdogo wangu je? Na watoto?

"Usikate simu," akasema, akarudi mezani.

Kitabu alichokiacha wazi kilikuwa kimefungwa. Alikifungua. Ngozi ilikuwapo mahali pake. Haikuwa karatasi. Ilikuwa na vinyweleo, na kwenye mkono wa kushoto palikuwa na kovu la chanjo alilolijua, maana Shemeji hupenda kukaa na fulana.

Huenda ikabanduka, nikamrudishia, aliwaza. Akaingiza ukucha pembeni, akainua kidogo sana.

Kwenye simu mwanamume alipiga yowe, kisha sauti ile ile ya kujua kila kitu ikalia kama ya mtoto: "Mwambie asinifunue! Shemeji, nakuomba, usinifunue!"

Fundi alirudisha pembe ile polepole. Akafunga kitabu kwa mikono miwili. Ndani yake yule mtu wa karatasi alishusha pumzi ndefu, ya raha, akajigeuza, akalala.