Pumzi Aliyompa Mbwa wa Bibang

Siku ile ilianza kama siku nyingine zote. Nilikuwa nyuma ya vizimba nikikoroga sufuria la chakula cha mbwa, wali uliopondeka pamoja na vichwa vya kuku na vipande vya boga, moshi wa kuni ukinitoa machozi. Binamu yangu Remigia, ambaye sisi watu wa kisiwa cha Panay, Ufilipino, tunamwita Miyang, alikuwa amechuchumaa bombani akimwogesha mbwa mwenye upele. Alikuwa anamwimbia wimbo wa kanisani, nusu ya maneno akiyatunga mwenyewe.

"Choleng, chumvi usitie," alinipigia kelele.

"Miaka yote hii nimewahi kutia?"

"Nakukumbusha tu. Na uzee huo."

Miyang alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa pale mtu wa kwanza kuwashika alikuwa yeye. Alipostaafu alinunua kiwanja kando ya mashamba ya miwa, akajenga makao ya mbwa wasiotakiwa na mtu: waliomwagiwa maji ya moto, waliogongwa, waliofungwa wakasahauliwa. Alisema mbwa wa hivyo hana tofauti na kichanga, dawa yake ya kwanza ni kushikwa. Mimi ni mjane, nyumbani palikuwa kimya mno. Nikawa mpishi wake.

Kabla jua halijawa kali alifika mkuu wa mtaa wa ng'ambo ya mto. Kuna mbwa, alisema, chini ya nyumba ya marehemu Bibang. Bibi mwenyewe alishazikwa kitambo, na mbwa bado yuko mnyororoni.

"Na hakuna aliyempa hata maji?" Miyang aliuliza.

Yule bwana akatazama viatu vyake. "Mama Mkunga, nyumba ile watu hatuikaribii."

Tulikwenda kwa bajaji. Nyumba ilikuwa ya mianzi, imeinuliwa juu ya nguzo. Majirani walisimama mbali, barabarani. Mzee Iking, aliyeishi mkabala, alinivuta kando.

"Mwambie ndugu yako amwache huyo mbwa."

"Kwa nini?"

"Bibang alikuwa aswang." Neno lenyewe alilitamka chini chini, kama tunavyolitamka sote: mchawi anayewala watoto wakiwa bado tumboni. "Na wa namna hiyo hafi, Choleng, mpaka akitapike kile kifaranga cha uchawi kinachoishi tumboni mwake, na mtu mwingine akipokee kwa mdomo. Alimwita binti yake siku nyingi. Binti yuko Manila, akakataa kuja. Mwishowe tukamsikia anamwita mbwa."

"Halafu?"

"Halafu akafa."

Miyang alicheka alipoyasikia. "Iking, wanao wote niliwapokea mimi. Kuna aliyeliwa? Hebu niletee koleo."

Sijawahi kuona kiumbe katika hali ile kikiwa hai. Ngozi ilikuwa imelala juu ya mifupa mitupu. Mnyororo ulikuwa umezama shingoni, nyama imeota juu yake. Pale chini hapakuwa na bakuli, wala kinyesi, wala dalili yoyote kwamba aliwahi kula. Tulipomkaribia hakubweka. Alifumba mdomo tu, kwa nguvu, kama mtoto anayekataa dawa.

Daktari wa mifugo alikuja makaoni kuutoa ule mnyororo, pingili moja moja. Mbwa hakulia. "Huyu alitakiwa awe amekufa siku nyingi," daktari alisema. Kahawa niliyomwandalia hakuigusa.

Alipoondoka ndipo nilipogundua kwamba makao yote yamenyamaza. Mbwa wetu walikuwa wamelala wamegeukia ukutani. Wote.

Miyang alijaribu kila kitu. Mchuzi. Maziwa. Ini lililosagwa, akimpakaza midomoni kwa kidole. Mdomo haukufunguka. Yule mbwa hakula, hakunywa, na hakufa. Miyang akampa jina Swerte, yaani bahati, akawa anashinda naye kizimbani akimpapasa masikio.

Adhuhuri moja nilisikia ananiita. Nilipofika, Swerte alikuwa ameacha kupumua. Na mdomo, kwa mara ya kwanza, ulikuwa wazi.

Miyang alishapiga magoti. Alifanya kile alichowafanyia watoto waliozaliwa kimya katika maisha yake yote ya ukunga. Aliufunika mdomo na pua za mbwa kwa mdomo wake, akapuliza.

"Miyang, mwache!"

Akapuliza tena. Mbwa akajinyonganyonga, akakohoa. Miyang akarudi nyuma ghafla, mkono kooni. Nikaliona koo lake likipanda na kushuka.

"Nini?"

"Nimemeza kitu." Akacheka, akajifuta midomo. "Laini. Kama unyoya."

Jioni ile ile Swerte alikula sahani nzima, akalamba na sakafu. Baada ya wiki chache alikuwa na shavu, akachukuliwa na familia ya mwalimu mmoja. Yupo mpaka leo, mnene, mjingamjinga, anakimbiza vipepeo. Ni mbwa wa kawaida kabisa.

Aliyeacha kula ni Miyang.

Wali ulimchefua. Chumvi hakutaka hata kuiona mezani. Nilidhani ni tumbo, nikamchemshia tangawizi. Kulikuwa na mbwa jike kipofu pale ambaye tangu aokotwe alilala juu ya miguu ya Miyang, hata wakati wa kula. Asubuhi moja Miyang aliingia kizimbani, na yule kipofu akajikojolea kwa woga. Wengine wakajibanza kwenye kona, wakapandana. Miyang alisimama katikati akiwaita kwa majina, mmoja mmoja, mikono ameinyoosha. Hakuna aliyekuja.

"Nimewafanya nini, Choleng?"

Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alisema na jicho linamwasha, nimtazamie. Nikamgeuza kwenye mwanga, nikalipanua kwa vidole. Nilijiona ndani yake, kama unavyojiona kwenye jicho la mtu yeyote.

Ila nilikuwa nimening'inia, kichwa chini, kama wasemavyo kwetu unavyojiona kwenye jicho la aswang.

"Vumbi tu," nilimwambia.

Siku chache baadaye mkwe wangu Jovelyn alituletea samaki wakavu. Mimba yake ilikuwa kubwa. "Shangazi, hebu nishike tumbo," alimwambia Miyang, "huyu ananipiga mateke kama anadai kodi." Miyang aliinua mkono. Mkono ukasimama hewani. Uzi wa mate ukamtoka mdomoni, ukateremka mpaka kifuani, na yeye hakujua. Halafu akajua.

"Mtoe," alininong'oneza. "Choleng, mtoe hapa. Sasa hivi."

Nilimsindikiza Jovelyn barabarani karibu namkimbiza. Niliporudi, Miyang alikuwa ndani ya kizimba alichokaa Swerte. Amejifungia. Ufunguo alikuwa ameurusha nje.

"Usifungue."

"Tumwite padri."

"Mwite. Lakini usifungue." Alirudi nyuma mpaka ukutani. "Maisha yangu yote nimeshika matumbo ya watu. Leo nilimsikia yule mtoto harufu, Choleng. Nilimsikia kama mchuzi."

Padri alikuja, akasali, akaondoka shati limelowa. Miyang akajifunga kitambaa mdomoni kwa mikono yake, mafundo mawili. Kabla hajakikaza alinitazama.

"Usije ukaniinamia. Hata nikiacha kupumua. Hasa nikiacha kupumua."

Nilikaa nje ya wavu. Hakula. Hakunywa. Hakufa. Siku zilikwenda, nikazihesabu, halafu nikaacha kuzihesabu. Alibaki mifupa. Mara nyingine kitambaa kilivimba katikati, polepole, kikanywea. Alikuwa anakirudisha tumboni kile kifaranga. Niliona koo lake likifanya kazi, na machozi yakimtoka, na alikuwa anakirudisha.

Asubuhi moja kifua hakikuinuka tena.

Niliushika wavu kwa mikono yote miwili. Yule ni mtu niliyekua naye, tuliyelala naye mkeka mmoja. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Kitambaa kilivimba. Kikatulia. Kikavimba tena, sana. Nikajiziba mdomo kwa kiganja, nikafumba macho, nikakaa hivyo mpaka niliposikia nzi.

Kitambaa kilikuwa kizima. Kikavu. Mafundo yake mawili yako palepale. Nilipoanza kukifungua, mbwa wote wakabweka kwa pamoja, wakapiga mabakuli, wanadai chakula.

Tulimzika karibu na mama yake. Mzee Iking alivua kofia, akaniambia, "Amekwenda nacho. Hakuna mwingine ambaye angeweza." Nilimwamini. Nikamleta mwashi amwage zege jipya juu ya sakafu ya kizimba kile, maana sikuweza kupita hapo nikaona alama za kucha zake. Alilisawazisha likawa kama kioo, tukafunga mlango, tukaweka na mbao.

Asubuhi nilitoa mbao. Zege lilikuwa limekauka.

Kuna nyayo. Ndogo, kama za kifaranga, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, zimezama vizuri. Mwashi ameapa kwa watoto wake kwamba si utani wake. Zipo mpaka leo, ukija nitakuonyesha. Kutoka ukutani mpaka kwenye unyayo wa kwanza hakuna hata mmoja unaoingia. Zinaanzia katikati ya sakafu, palepale alipofia Miyang, zinaelekea mlangoni.