Sikio la Wanu

Rafiki yangu Wanu si mtu wa kutia chumvi. Sikio lake moja liliungua, na daktari mmoja wa mjini akamchapishia jingine kwa mashine, kwa chembe hai za mwili wake mwenyewe. Alikwenda mchana kulitazama, limo ndani ya bakuli la kioo lililofungwa.

"Tundu la herini halina," daktari alimwambia. "Utatogwa ukishapona."

"Nani wa kunitoga? Bibi ndiye aliyenitoga, kwa sindano, uzi mweusi na mafuta ya nazi. Keshakufa. Kwetu nimebaki mimi tu."

Daktari akatoka kidogo. Umeme ukakatika, na chumba kile hakina dirisha. Wanu akasikia bangili zikigongana, taratibu, pale mezani.

Umeme uliporudi, bakuli lilikuwa bado limefungwa. Ndani yake sikio lilikuwa limetogwa, na uzi mweusi umefungwa fundo, unachuruzika mafuta.